Gari la michezo laenda Kipsing: shokapu hupimwa njiani, si gerejini

Ukizunguka Mombasa jioni, msomaji mpenzi, hutakosa kuyaona yale magari madogo ya mbio, mengi yao Subaru Impreza, yaliyoteremshwa hata tumbo likakaribia kulamba lami. Mwenyewe ameketi kwa madaha, mkono mmoja nje ya dirisha, na kila akifikia tuta la barabara hulivuka upande upande kama kaa. Mimi sina ugomvi na mambo hayo. Watu wa Pwani tangu zamani tumependa kupamba kila kitu chetu, tangu milango mpaka majahazi, na gari nalo lina haki yake ya pambo. Ugomvi huanza siku gari hilo hilo linapotakiwa kwenda safari ya kweli. Leo basi tulipeleke Kipsing.

Kipsing ni kituo kidogo cha biashara katika wilaya ya zamani, sasa kaunti, ya Isiolo, upande wa magharibi wa mji wa Isiolo, kwenye njia ielekeayo Oldonyiro. Ni nchi ya Wasamburu na Waturkana, watu wa mbuzi, ng'ombe na ngamia. Kutoka Mombasa hadi Isiolo ni mwendo wa kilomita zaidi ya 700, na wote ni wa lami. Mtu aweza kuumaliza huku anasikiliza taarabu bila kumwaga chai. Mambo hubadilika ukiiacha lami ya Isiolo. Huko ni changarawe, mawe yaliyochongoka, vumbi, na laga. Laga ni mto wa mchanga usio na maji sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua ikinyesha mbali milimani hushuka kwa ghafla, mbingu zikiwa safi kabisa pale uliposimama, na atakayekutwa ndani yake amekwisha.

Msomaji wa Lamu huenda akalitambua jina hili kwa sababu nyingine. Mwaka 2012 ulipozinduliwa mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia zake za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, Isiolo iliwekwa kuwa njia panda ya mradi wote, na karibu na mji huo, mahali paitwapo Kipsing Gap, pakapangwa mji wa mapumziko kwa watalii. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa mwezi Mei 2021. Kwa hiyo Kipsing na Pwani zimefungwa kamba moja, angalau kwenye ramani. Kwenye ardhi yenyewe, kamba hiyo ina mafundo mengi.

KIJANA NA FUNDI

Tuchukue mfano. Tuseme yuko kijana wa Tudor mwenye Impreza WRX, katika zile za kabla ya 2008 zenye shokapu za kusimama wima mbele na nyuma. Mjomba wake ni mwalimu huko Kipsing, na mama mtu anataka kwenda kumwona nduguye. Kijana amenunua seti ya shokapu za kurekebisha, zile ambazo springi imevishwa juu ya shokapu yenyewe, pete yake hupanda na kushuka kwa uzi wa skrubu, na kileleni pana kitufe cha kukaza au kulegeza. Anaziingiza gerejini kama aliyebeba dhahabu.

“Asalaam aleikum, mzee.”

“Waaleikum salaam, mwanangu. Wataka iwe juu au chini?”

“Chini, mzee. Vidole viwili tu baina ya tairi na bodi.”

“Na safari ya wapi?”

“Isiolo, halafu Kipsing kwa mjomba. Mama yuaja pia.”

“Basi hivyo vidole viwili utaviacha kwenye laga. Na mgongo wa mamako utauacha kabla ya hapo.”

Fundi kama huyo ana thamani kuliko shokapu zenyewe, maana ameuliza njia kabla ya kushika spana. Nahodha naye hufanya vivyo hivyo. Hapakii farumi kwa kupendezesha jahazi likiwa bandarini. Huangalia shehena, msimu na bahari atakayoivuka, kisha ndipo hupanga mawe tumboni mwa chombo. Farumi ikizidi, chombo kizito. Ikipungua, mawimbi hulilaza. Na kuipanga upya katikati ya tufani ni kazi ambayo hakuna anayeitaka.

WALIVYOFANYA WENYE MASHINDANO

Jambo hili la kulipeleka gari la michezo katika njia mbovu si geni kwetu Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wa Mombasa wanakumbuka miaka ambayo magari yalishuka hadi mjini kwetu, yamejaa tope hata nambari hazisomeki, na sisi watoto tukibishana nani atashinda baina ya Joginder Singh na Shekhar Mehta.

Tazama ni magari gani yaliyoshinda. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404, gari la baba wa familia. Mwaka 1963 na 1968, miaka ambayo magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, ilishinda Peugeot 404 vile vile, ikiendeshwa na Nick Nowicki. Siri haikuwa nguvu za injini. Peugeot ilikuwa na springi laini na nafasi kubwa ya gurudumu kupanda na kushuka, hata shimo likija gurudumu hulifuata chini na kurudi juu bila kuirusha bodi.

Magari ya michezo yalikuja na kujifunza somo hilo. Datsun 240Z, gari jembamba lenye pua ndefu, lilishinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Mehta, Mhindi mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Gari hilo lilikuwa gumu, na lilikuwa na shokapu za kusimama kwenye magurudumu yote manne, kama lile la kijana wetu wa Tudor.

Porsche wao walipata taabu. Gari lao la 911 lilishika nafasi ya pili mwaka 1972 na Sobiesław Zasada, ya pili tena mwaka 1974 na Björn Waldegård nyuma ya Joginder, na ya pili kwa mara ya tatu mwaka 1978 na Vic Preston mdogo. Mara tatu kwenye kizingiti, mlango haukufunguka. Na haikuwa kwa uvivu: magari ya 1978 yaliinuliwa hata yakawa takriban sentimita 28 kutoka ardhini. Hebu fikiri, gari la michezo lenye kimo cha gari la shamba!

Namna walivyoliinua inafaa kusimuliwa. Porsche 911 za wakati ule hazikuwa na springi za kuviringika. Zilikuwa na fito za chuma zinazojisokota, na kila fito ya nyuma ilikuwa na meno 40 upande wa ndani na meno 44 upande wa nje. Ukiisogeza jino moja ndani, umezungusha nyuzi 9. Ukirudisha jino moja nje, umerudisha nyuzi 8 na kidogo. Tofauti inayobaki haifiki hata uzi mmoja, na huo ndio uliokuwa urekebishaji wao: jino kwa jino, kwa kalamu na karatasi, hakuna kitufe cha kuzungusha kwa kidole. Fundi aliyefanya hivyo alijua kila jino limefanya nini. Wenye vitufe siku hizi, wengi hawajui.

Waldegård alirudi. Mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambayo mara kadhaa yameanzia na kumalizikia hapa kwetu Pwani. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, na kando yake akisomewa njia na mwanawe Mathias, alishinda kwa Porsche 911. Gari lile lile lililomnyima ushindi mwaka 1974 lilimpa baada ya miaka 37. Alifariki mwaka 2014. Stig Blomqvist alishinda kwa 911 mwaka 2015, na mwaka 2017 Carl Tundo wa Kenya akashinda kwa Triumph TR7, gari la michezo la Kiingereza ambalo wenyewe Waingereza walilicheka lilipotoka. Yote haya yaliinuliwa, yakalainishwa, yakapewa shokapu za kurekebisha. Sikusikia hata moja lililoteremshwa.

KAZI YA SHOKAPU NI NINI HASA?

Wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Sivyo. Inayobeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka. Ndani yake mna mafuta yanayosukumwa kwenye matundu madogo; mwendo wa gurudumu hugeuzwa kuwa joto, na joto hutoka kwa ngozi ya chuma. Kwenye lami hiyo ni kazi nyepesi. Kwenye njia ya Kipsing ni kazi ya punda.

Njia ya changarawe inayopitwa mno hujikunja ikawa kama ubao wa kufulia nguo, matuta madogo ya mfululizo. Tuseme toka tuta moja hadi jingine ni sentimita 75. Ukienda kilomita 30 kwa saa, gurudumu hupigwa mara 11 kila nukta moja ya saa, na bahati mbaya huo ndio mwendo ambao gurudumu lenyewe, kwa uzito wake na ugumu wa tairi, hupenda kurukaruka. Ndiyo maana kwa mwendo huo meno hugongana. Ukizidisha hadi kilomita 80, mapigo ni kama 30 kwa nukta, na gari hutulia ghafla, likaelea juu ya vichwa vya matuta. Dereva hufurahi. Lakini kuelea maana yake tairi haishiki ardhi sawasawa: ukikanyaga breki, gari haliji, ukikata usukani, linakwenda lilikotaka. Na njia hiyo si yako peke yako. Ina watoto wenye mbuzi, na ngamia ambaye hana habari na Subaru.

Mapigo hayo yakiendelea kwa saa nzima, mafuta ya shokapu ya kawaida huchemka na kutoka povu, na povu halizuii kitu. Ndipo unapoona gari limeanza kunesa kama kitanda cha kamba. Shokapu bora huwa na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ndani ili mafuta yasitoe povu, na nyingine huwa na kopo la pembeni la kuongeza mafuta na kuyapoza. Anayenunua kwa ajili ya njia kama hizi aulize hayo kabla ya kuuliza rangi.

KUZIFUNGA

Hapa nitakwenda haraka, kwa maana kufunga ni kazi ya fundi na fundi ana mikono yake. Ila mambo manne lazima mwenye gari ayasimamie.

La kwanza ni uhai. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Isifunguliwe nati ya juu kabla springi haijakamatwa na kibano chake, na gari lisikae juu ya jeki peke yake bali juu ya stuli za chuma.

La pili ni kimo. Shokapu nyingine huinua gari kwa kuibana springi zaidi, na nyingine kwa kusogeza kiti cha chini cha shokapu nzima. Ukiinua kwa kubana springi, unalipunguzia gurudumu nafasi ya kushuka ndani ya shimo, na likining'inia hewani halina faida. Inafaa zaidi kusogeza kiti cha chini, na springi ibanwe kiasi tu cha kutocheza. Na kuinua nako kuna mpaka: joyinti za shafti hupinda mno zikaliwa, na mipira ya breki huvutika. Gari likiwa limening'inizwa, fundi akate usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, aone kama mpira wowote umekaza.

La tatu hulisahau hata mafundi wazuri. Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa hewani. Zikikazwa hewani, ukilishusha zinajisokota, na zitakatika kabla hujaona vumbi la Isiolo.

La nne: kimo kikibadilika, uelekeo wa magurudumu umebadilika na taa zimebadilika. Bila kupanga magurudumu upya tairi zitaliwa upande mmoja. Bila kushusha taa utampofusha dereva wa lori anayekuja.

KUPIMA

Sasa ndipo penye utamu, na ndipo watu wengi wanapojidanganya. Mtu amekwisha toa fedha nyingi, hana hamu ya kusikia kwamba hazikufaa. Hubonyeza kona ya gari kwa mkono, hutikisa kichwa, husema, “Imetulia.” Mkono haupimi chochote. Gari likibonyezwa na mtu mmoja ni mbali na gari lenye abiria wanne, magunia ya mchele, nazi za zawadi na madumu ya maji, likishuka laga.

Shokapu zenye kitufe huhesabiwa kwa vidoko, yaani ile sauti ya tik unayoisikia na kuigusa kidole kinapozungusha. Anza kwa kukaza mpaka mwisho, kisha hesabu vidoko unavyorudisha nyuma. Andika. Anza katikati. Chagua kipande cha njia ya udongo, hata kule bara ya Kilifi kinatosha, weka jiwe mwanzo na jiwe mwisho, na ukipite kwa mwendo ule ule, upepo ule ule wa tairi, mzigo ule ule utakaokwenda nao. Badilisha jambo moja tu kila safari. Ukibadilisha mawili, hujui lipi limekusaidia.

Kuna ujanja mdogo wa senti chache ambao ningependa kila mtu aujue: funga kamba ya plastiki kwenye ule mti unaong'aa wa shokapu, uisukume hadi chini. Ukirudi, kamba itakuonyesha shokapu ilizama mpaka wapi. Ikibaki mbali na mwisho, gari ni gumu mno, nafasi uliyoilipia haitumiki. Ikigonga mwisho kila mara, ni laini mno au mzigo umezidi. Na mtume mtu asimame kando ya njia aangalie magurudumu. Akiona mwanga chini ya tairi, shokapu haifanyi kazi yake, hata kama wewe ndani umestarehe.

Kisha sikiliza gari. Likivuka tuta na kunesa mara mbili tatu kabla ya kutulia, kaza mwendo wa kurudi kidoko kimoja. Lakini likizama kidogo kidogo kwenye njia ya ubao wa kufulia, kama mtu anayechuchumaa, hapo umekaza kurudi kupita kiasi. Gurudumu halipati nafasi ya kushuka kabla ya pigo la pili. Legeza. Wengi hudhani gari linalozama linataka kukazwa zaidi, wakakaza, likazama zaidi. Likirukaruka upande upande kwenye mawe, legeza mwendo wa kubonyea, na kabla ya hapo punguza kidogo upepo wa tairi, maana tairi ndiyo springi ya kwanza na haidai fedha. Likigonga chini ndani ya laga, dawa ni kukaza kubonyea, au springi ngumu zaidi, au kupunguza mzigo.

Ole wake mwenye kitufe kimoja tu. Shokapu nyingi za bei nafuu zina kitufe kimoja kinachokaza kurudi na kubonyea kwa pamoja, kurudi zaidi. Husifiwa kwa wingi wa vidoko, thelathini na zaidi, lakini kidoko ambacho hakibadilishi kitu ni mapambo. Utakijua kwa kamba ile ile na jiwe lile lile.

Mwisho pima breki. Weka alama, kanyaga kwa kilomita 50 kwa saa juu ya changarawe, hesabu hatua za mpaka liliposimama. Fanya kabla ya kufunga na baada ya kufunga. Kama hatua hazikupungua, na pengine zimeongezeka, basi ulichonunua ni kimo na sura, na mama yako ndiye anayepanda gari hilo.

Tuseme kijana wetu ameyafanya hayo, ameliinua badala ya kuliteremsha, na amefika Kipsing. Asilale kabla ya kupitisha tochi chini ya gari. Shokapu yenye ukungu mwepesi wa mafuta si neno, yenye kutiririka imekufa. Nati za juu zikazwe tena, kwa maana baada ya kilomita mia chache za kutikiswa kila kitu hutafuta kulegea. Na akirudi Mombasa, mzigo umeshushwa, arudishe vidoko vya nyuma alivyoviongeza kwa ajili ya magunia, la sivyo gari tupu litampiga mgongoni kila tuta la Nyali. Nambari zote mbili, za Kipsing na za mjini, ziandikwe kwenye kadi na kuwekwa ndani ya gari. Siku atakapoliuza, kadi hiyo itamfaa mnunuzi kuliko stika zote za kiooni.

Na ikiwa safari ya Kipsing ni ya mara moja kwa mwaka, shauri langu ni jingine kabisa. Impreza ilale kwa jamaa mjini Isiolo, mama na nduguze wapande Land Cruiser ya wenyeji, yenye dereva aijuaye laga na saa zake. Fedha ya shokapu inunue tairi mpya nne.